Pana Wenyewe

Julai ndiyo mwezi wa baridi kali Sumbawanga. Upepo hushuka kutoka milima ya Mbizi tangu alfajiri, na wanafunzi huingia darasani wamevaa masweta mawili mawili, mikono wameibana kwapani. Siku moja ya Julai mwaka jana nilikuwa nafundisha kidato cha pili habari za nchi za baridi. Nikawaonyesha kwenye ramani ya ukutani kisiwa kiitwacho Devon, juu kabisa kaskazini mwa Kanada, ndani ya mzingo wa Aktiki. Nikawaambia kwamba ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kisichokaliwa na watu. Kina kilomita za mraba 55,000 hivi, mara mbili hivi ya mkoa wetu wa Rukwa, lakini hakina kijiji, hakina duka, hakina hata familia moja inayoishi humo mwaka mzima.

"Mwalimu, kuna baridi kuzidi hapa?" aliuliza mvulana mmoja wa nyuma, na darasa zima likacheka.

Kicheko kilipotulia, msichana mmoja asiyezoea kuuliza alinyoosha mkono.

"Kama hakuna mtu, ni cha nani?"

"Cha Kanada," nikamjibu.

"Kanada wamejuaje kwamba ni chao?"

Nikaanza kumweleza habari za mipaka ya nchi na mikataba, nikajisikia nazungukazunguka. Kengele ikalia ikaniokoa. Nikakunja ramani nikijua kwamba sijamjibu, na kwamba yeye pia amejua.

Pengine swali lile lingepita kama maswali mengine ya darasani. Lakini jioni ya siku ileile mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinipigia simu kutoka kijijini. "Kaka, kijiji kinapanga matumizi ya ardhi. Wamefika kwenye mahame yetu. Wanauliza pale ni pa nani."

*

Neno "mahame" linatosha kueleza historia ya nusu ya vijiji vya nchi hii. Ni mahali ambapo watu walikuwapo, wakahama. Kiswahili kinalo neno jingine karibu na hilo, "ganjo", na kina "gofu" kwa nyumba iliyobaki kuta. Lugha yenye maneno yote hayo ni lugha ya watu waliohama sana, au waliohamishwa.

Mahame yetu yako mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kijiji cha sasa, kwenye mgongo wa kilima unaotazama bonde. Kilikuwa kitongoji cha kaya kumi na moja. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia kijijini. Kitongoji chetu kilihama 1974, mwaka uleule ambao mkoa wa Rukwa ulizaliwa kwa kukatwa kutoka Mbeya na Tabora. Kwa hiyo babu alipata mkoa mpya na kijiji kipya kwa mwaka mmoja, na alipenda kusema kwamba hakuomba hata kimoja.

Hadithi ya kuhama kwake niliisikia mara nyingi nikiwa mdogo. Alipoona siku imefika, hakungoja mtu mwingine aje kumtoa. Alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe akateremsha nyasi za paa, tita kwa tita, akazifunga vizuri kama anayetaka kwenda kuezekea nazo. Hakuzichukua. Aliziacha zimepangwa ndani ya kuta. Bibi alibeba vyungu na mbegu za ulezi. Jiwe la kusagia lilikuwa zito, likabaki. Na makaburi yalibaki, kwa sababu makaburi hayahamishwi kwa amri ya aina ile.

Mimi nilizaliwa katika kijiji kipya. Nimefika kwenye mahame yale labda mara ishirini maishani mwangu, nyingi kati ya hizo nikimfuata babu, na baada yake nikimfuata baba mkubwa. Kila mara tulifanya mambo yaleyale: kufyeka majani kwenye makaburi, kukaa chini ya mkuyu, kula tulichobeba, na kuondoka kabla ya jua kushuka. Nilipokuwa na umri wa miaka saba au minane nilimwuliza babu kwa nini hatuwezi kulala pale, maana hapana mtu wa kutukataza.

"Pana wenyewe," alisema.

Kila anayezungumza Kiswahili anajua maana ya maneno hayo mawili. Yanasemwa kuhusu pango, chemchemi, mti mkubwa, kilele cha mlima. Hapaonekani mtu, lakini usidhani hapana mwenye napo. Ingia kwa adabu.

*

Baada ya simu ile nilikaa usiku nikisoma habari za kisiwa cha Devon kwenye simu yangu. Nilitaka jibu la kumpa yule msichana. Nilichokipata hakikuwa kisiwa kitupu.

Jambo la kwanza nililolikuta ni jina. Waingereza ndio walioita kisiwa hicho Devon, kwa jina la jimbo la kwao. Wainuti, wenyeji wa nchi zile za barafu, wanakiita Tallurutit, na jina hilo linahusu chale za kidevuni walizokuwa wakichanjwa wanawake wao. Ukikitazama kisiwa kwa mbali kutoka baharini, mistari iliyo kwenye miamba na barafu inafanana na chale hizo. Huwezi kupaita mahali kwa sura ya uso wa mama yako kama hujawahi kupapita, kupatazama na kupazoea. Na kweli, pwani ya kusini ya kisiwa ina mabaki ya nyumba za mababu wa Wainuti, waliowinda huko karne nyingi kabla ya meli ya Mzungu yeyote.

Jambo la pili lilinifanya niketi vizuri. Mwaka 1924 Kanada ilijenga kituo kidogo cha polisi kwenye pwani hiyo, mahali panapoitwa Dundas Harbour. Kulikuwa hakuna wezi wa kukamata. Polisi waliwekwa ili nchi nyingine zisije zikasema kisiwa hakina mwenyewe. Wawili kati yao walifia hukohuko katika miaka ya mwanzo, na makaburi yao bado yapo. Kituo kilifungwa 1933. Mwaka uliofuata kampuni ya biashara ya ngozi za wanyama, Hudson's Bay Company, kwa ruhusa ya serikali, ilipeleka pale zaidi ya Wainuti hamsini kutoka sehemu tatu za kusini zaidi. Kampuni ilitaka ngozi. Wakubwa wa serikali waliona faida nyingine pia: watu wakikaa pale, nchi inakuwa imekaliwa. Bahari ya pale ilikuwa na barafu mbaya ya kuwindia, na 1936 watu wakaondolewa. Wengine hawakurudishwa kwao, wakaendelea kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo.

Nilizima simu nikabaki gizani. Kule watu walipelekwa ili mahali pasionekane patupu. Kwetu watu waliondolewa, na mahali pakawa patupu. Ukitazama haraka utadhani ni mambo mawili yanayopingana. Lakini mkono uliofanya ni wa namna moja: unashika watu kama vitone vya wino, unaviweka hapa, unavifuta pale, ili ramani isomeke kama anayeishika anavyotaka.

Hapo niliona kosa la jibu langu darasani. Nilikuwa nimesema kisiwa "hakikaliwi na watu" kama mtu anayesema mlima una urefu wa mita kadhaa. Kutokaliwa si umbile la mahali. Kuna mtu aliyesababisha au aliyekubali, kuna tarehe, na mara nyingi kuna mtu mwingine aliyelipa.

*

Huku kwetu jambo hili si la falsafa tu. Limo katika sheria. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Zote zinagawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji, na ardhi ya jumla, ambayo ni ile isiyo katika mafungu mawili ya kwanza. Lakini sheria ya kwanza inaongeza maneno machache: kwamba ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya pili, katika kueleza neno hilohilo, haina nyongeza hiyo. Wanasheria wamelijadili pengo hilo kwa miaka mingi. Mkulima hahitaji kuwa mwanasheria kuliona: "isiyokaliwa" na "isiyotumika" ni maneno ambayo maana yake inategemea ni nani aliyesimama akatazama, na alifika msimu gani.

Chukua mfano wa kilimo chetu cha ntumba. Mvua zikielekea mwisho, Mfipa hukata majani pamoja na udongo wake, akayafunika ndani ya vilima vidogo vya mviringo, shamba zima. Vilima vile hukaa miezi. Majani yanaoza ndani, udongo unapata nguvu, na msimu unaofuata vilima vinatawanywa na mbegu inapandwa. Mgeni akipita kiangazi anaona uwanda wenye vichuguu vya udongo mkavu na hakuna mmea wa maana. Ataandika nini kwenye karatasi yake? Ataandika: haitumiki. Na wakati anaandika, chini ya miguu yake shamba linapika chakula cha mwaka kesho.

Wafipa wana simulizi ya kale inayohusu kosa hilohilo, ingawa kila mzee anaisimulia kwa namna yake. Milansi ndicho kijiji cha kwanza cha Ufipa, na mtawala wa kwanza alikaa hapo. Siku moja, mwenyeji akiwa amekwenda mawindoni, walifika wanawake wageni wa ukoo wa Watwa. Walikikuta kiti bila mwenyewe, na mwenyewe aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha badilika. Wageni wakawa watawala wa nchi. Mwenyeji akabaki na Milansi yake na heshima ya kimila. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni hadithi ya ujanja wa wageni. Sasa nadhani ni hadithi ya neno "patupu". Kiti hakikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa ametoka kutafuta nyama.

*

Nikifika hapo ningeweza kumaliza makala haya kwa urahisi: hakuna mahali patupu duniani, tuwaheshimu waliotangulia, kwaherini. Lakini darasani kwangu kuna dirisha linalotazama Mbizi, na Mbizi hainiruhusu.

Tazama umbile la nchi yetu. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi pale lilipo refu zaidi. Mashariki kuna Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi na kina kifupi, lisilo na mto unaotoka, linalopanuka na kunywea kadiri ya mvua. Katikati ya mabonde hayo mawili ardhi imeinuka kwa karibu mita elfu moja. Hiyo ndiyo Ufipa. Na juu ya Ufipa, ukingoni mwa bonde la Rukwa, kuna msitu wa Mbizi, vipande vya miti ya mlimani vilivyozungukwa na nyasi na mashamba. Kwa hiyo Mbizi ni kisiwa juu ya kisiwa. Mbega wekundu waliomo wametengana na wenzao wa misitu mingine. Wakitaka kuhama hawana njia, maana nyika iliyo wazi kwa mbega ni sawa na bahari kwa mtu asiyejua kuogelea. Vijito vinavyoanzia humo ndivyo vinavyotunywesha sisi wa mjini.

Msitu huo haukaliwi na watu, na ninataka usikaliwe. Nikisikia kwamba mtu ameingia na shoka nakasirika. Je, nina haki gani? Jana nilisema kutokaliwa ni kitu ambacho watu wenye nguvu huwafanyia watu wasio na nguvu. Leo nasimama dirishani kwangu naomba pasikaliwe.

Nilijaribu kujitoa kwa kusema kwamba kuna kuacha kwa aina mbili: mahali panaachwa kwa sababu hakuna anayejali, au panaachwa kwa sababu kuna anayejali sana. Ni kweli, wazee waliacha mabonde na vilele bila kulima, si kwa kukosa jembe bali kwa kuwa pana wenyewe. Lakini maelezo hayo ni mepesi mno kwa mwalimu mwenye mshahara. Mahali palipoachwa kwa upendo na mahali palipoachwa kwa amri, ukivitazama kwa mbali, vyote ni majani tu. Kila aliyewahi kuwafukuza watu mahali amesema anapapenda.

*

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi kijijini, na asubuhi mimi na mdogo wangu tukaenda kwenye mahame. Yeye ana miaka thelathini na miwili, ana mke na watoto wanne. Analima ekari moja na nusu ya baba yake na nyingine ya kukodi. Mwaka juzi mwenye shamba la kukodi alilichukua akalima mwenyewe.

Tulikuta mambo kama nilivyoyaacha. Kuta zilikwisha kuwa udongo zamani, lakini ukijua pa kutazama unaona ardhi imeinuka kwa mstari, na ndani ya mstari huo nyasi ni za aina nyingine. Mafiga matatu ya bibi bado yamekaa kwa kutazamana. Jiwe la kusagia limezama nusu, na shimo lake la katikati lilikuwa na maji ya umande. Chini kidogo kuna mavi ya chuma yaliyosagikasagika, kutoka enzi ambazo Wafipa walijenga matanuru ya udongo marefu kuliko mtu na kuyeyusha chuma chao wenyewe. Kwa hiyo kabla ya babu pia palikuwa na wengine. Babu mwenyewe alikaa kwenye mahame ya watu.

Mdogo wangu hakutazama mafiga. Alichota udongo, akaubonyeza, akaunusa.

"Miaka hamsini haujaguswa," alisema. "Hapa mahindi yangetoka bila mbolea."

"Na makaburi?"

"Makaburi yana nafasi yake. Nani amesema nitalima makaburi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Kaka, wewe unataka pabaki hivi ili upakute ukija likizo."

Sikuwa na la kusema. Baba mkubwa, aliyekuwa ametutangulia kwa fimbo yake na kukaa chini ya mkuyu, alisikia. Yeye ndiye aliyekuwa akikataa mahame yasiguswe. Nilimgeukia nikitegemea msaada.

"Baba mkubwa, babu alisema pana wenyewe."

"Alisema," akajibu. "Na huyu ni nani?" Akamnyoshea mdogo wangu fimbo. "Huyu siye mwenyewe?"

*

Nimelifikiria swali hilo tangu siku hiyo, na hapa ndipo nilipofika.

Tunaposema "pana wenyewe" tunataja umoja wa watu wasioonekana. Wamo waliokufa. Wamo walioondolewa kama babu na kama Wainuti wa Dundas Harbour. Wamo ambao hawajazaliwa, na kwa Mbizi wamo mbega na maji. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba asiyeonekana lazima awe wa zamani au wa mbali. Mdogo wangu pia alikuwa haonekani. Niliposema "tupaache," nilikuwa nimemfuta kwenye ramani kama walivyofutwa wengine, kwa wino safi wa mtu anayependa historia.

Kwa hiyo siulizi tena kama mahali pana mtu au hapana. Nauliza: pakiachwa bila mtu, ni nani anayelipa? Kila mahali patupu pana bei, na kuna anayeilipa. Msitu wa Mbizi unalipiwa na watu wa vijiji vilivyo kando yake, wanaokaa bila mashamba mapya na bila kuni za karibu, wakati sisi wa mjini tunafungua bomba. Utupu wa mahame yetu ulikuwa unalipiwa na mtu mwenye ekari moja na nusu na watoto wanne. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye basi nikifurahia mandhari.

Hili halimaanishi kwamba kila patupu pajazwe. Mbizi ikilimwa, kwanza tutavuna mahindi, kisha tutavuna makorongo, na mtoto wa huyohuyo aliyelima atachota maji mbali kuliko baba yake. Upo utupu unaostahili bei yake. Lakini anayeutaka sharti aitoe bei hiyo kutoka mfukoni mwake, asiitoe mfukoni mwa jirani halafu akaiita hifadhi, au mila, au kumbukumbu. Kanada ilitaka kisiwa kiwe na watu, na bei ikalipwa na familia za wawindaji. Nchi yetu ilitaka vijiji, na bei ikalipwa na babu aliyekaa juu ya paa lake akiteremsha nyasi. Sikutaka kuwa wa tatu katika orodha hiyo.

Mimi nina kipande cha ardhi kijijini, ekari mbili kasoro kidogo bondeni, nilichopewa na baba. Nilipanda mikaratusi, mti wa mtu asiyekuwapo: unaupanda, unaondoka, unarudi baada ya miaka kumi kuuza nguzo. Nilimwambia mdogo wangu aikate miti hiyo, auze, anipe nusu ya fedha, na alime kipande hicho maisha yake yote. Nusu ya fedha niliitaja kwa aibu, lakini niliitaja. Ada ya shule ya mwanangu ilikuwa njiani. Tukakubaliana pia kwamba sehemu ya chini ya mahame, kuanzia penye mavi ya chuma kushuka, ataomba kijiji kimpatie kwa utaratibu, awe na hatimiliki ya kimila. Sehemu ya juu, yenye makaburi, mkuyu, mafiga na jiwe, ibaki.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji baba mkubwa alisimama akaeleza, na watu wakauliza maswali kwa saa nzima. Mzee mmoja alitaka kujua sehemu ya juu iandikwe nini kwenye mpango, maana karatasi ina nafasi za makazi, kilimo, malisho, msitu na huduma za jamii. Haina nafasi ya "pana wenyewe". Mwishowe iliandikwa "makaburi na msitu wa kijiji". Sijui kama babu angeridhika. Mkuyu mmoja si msitu. Lakini palau imeandikwa kwamba pana kitu.

Mdogo wangu amekwisha lima bondeni msimu mmoja. Visiki vya mikaratusi vinamsumbua, vinachipua kila akivikata. Wakati mwingine ananipigia simu kunilaumu kwa ajili yavyo, na nadhani ana haki.

*

Niliporudi shuleni nilirudia somo. Nilimwambia yule msichana mbele ya darasa kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa pungufu. Nikawasimulia habari za jina Tallurutit, za polisi wawili waliozikwa pale, za familia zilizopelekwa na kuondolewa. Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja achore ramani ya mahali anapopajua pasipokaliwa na mtu, aonyeshe vilivyomo.

Walileta ramani thelathini na nane. Mvulana wa bonde la Rukwa alichora ufuko ambao ziwa limeuacha wazi, na alama za kwato za ng'ombe. Mwingine alichora mizinga ya nyuki ya baba yake ukingoni mwa msitu, akaihesabu. Watatu walichora mahame. Mmoja alichora kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yao mjini, kilichozungushiwa ukuta tangu hajazaliwa, na ndani yake akaandika "mwenyewe yuko Dar es Salaam".

Ramani ya yule msichana ilikuwa na njia moja tu, inayopanda Mbizi kutoka nyuma ya mtaa wao. Aliichora kwa uangalifu: daraja la magogo, jiwe kubwa, mahali wanawake wanapopumzikia na mizigo ya kuni. Njia ilikwisha kabla ya kufika juu, na karatasi iliyobaki, karibu nusu, ilikuwa nyeupe. Penye mwisho wa njia aliandika: "Niliishia hapa. Huko mbele kulikuwa na sauti."

Nilimpa alama zote. Sikumwuliza sauti za nini.